Damu ya Baba Mwenye Ndevu

Acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine wakitia chumvi: ni mimi. Yule stajière, mwanafunzi wa mazoezi kwenye labo (maabara) ya hospitali, aliyemwandika baba mzima, mwenye ndevu za kufika kifuani, kuwa mama mjamzito wa kupasuliwa saa nne asubuhi, ni mimi, Kapinga wa mtaa wa Bel-Air, mtoto ambaye mama yake anasema hata nzi akitua puani mwake anamwomba ruhusa kwanza kabla ya kumfukuza. Aibu hii kaye yangu, daftari langu la siri, inaijua, mto wangu wa kulalia unaijua, na leo nimechoka kuibeba peke yangu. Basi kaeni, mcheke, lakini mcheke mpaka mwisho, maana mwisho wake sina haya nao hata kidogo.

(Naandika Kiswahili cha kitabu kama walivyotufundisha primeri, lakini watu wenyewe nitawaacha waongee kile cha kwetu, maana yule baba mwenye ndevu, Papa Kambale, kwa Kiswahili cha kitabu hangekuwa Papa Kambale tena.)

Kwanza mnijue. Tangu primeri hadi sasa, mwaka wa tano wa sekondari ya afya, kila mwisho wa muhula walimu wananiandikia maneno yaleyale kwenye buletini kana kwamba wanakopiana: « Mwanafunzi mwema, anaongea chini mno. » Mwalimu mmoja wa historia aliandika tu: « Kwani anaongea? » Ndiyo sababu nilichagua upande wa labo. Niliona ni kazi ya watu wanyamavu: chupa haikuulizi habari za nyumbani, na hadubini haikuambii upandishe sauti. Hakuna aliyeniambia kwamba damu kabla haijafika kwenye chupa inakaa kwanza ndani ya mtu, na mtu huyo ana masikio, na mumewe, na dada zake watatu wanaokuangalia mikono.

Lakini mshipa! Kwa mshipa sitajishusha, hata kama kujisifu si tabia yangu. Nilijifunzia nyumbani kwenye kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nimekijaza maji mekundu ya grenadine, nimekifunika na ngozi ya kuku (mama alipokuta kuku wa Jumapili hana ngozi aliuliza nani kamvua nguo, nikanyamaza, kama kawaida yangu). Nikagundua kitu ambacho wenzangu darasani walikuwa hawajakigundua: mshipa hautafutwi kwa macho, unatafutwa kwa kidole. Jicho linadanganywa na rangi. Kidole kinausikia ukibonyea na kurudi, kama godoro dogo chini ya ngozi, na ukishausikia, sindano inaenda yenyewe kama inakwenda kwao. Mwezi wa kwanza wa staji sikumchoma mgonjwa mara mbili, hata mmoja. Watu walianza kusema, « Tunataka ule mutoto mwenye hasemake. »

Mkubwa wa labo ni Papa Numbi, mtu mfupi, miwani yake imefungwa kamba ya kiatu, naye si msemaji, na kwa hilo nilimpenda. Siku ya kwanza alitusimamisha sisi mastajière mbele ya meza, akasema mara moja tu:

« Mushipa ukikukosa, utarudilia. Chupa ikipasuka, tutafagia. Lakini jina? Jina haina dawa. Unauliza muntu: jina yako njo nani? Anajisemea yeye mwenyewe. Haumuambie, “weye njo fulani?”, juu mugonjwa mbele ya bluzi nyeupe anaitikaka yote, hata ukimuita Malaika ya Mungu ataitika. Stajière mwenye kukosea jina, siku ile njo mwisho yake hapa. »

Na mwisho hapa maana yake daftari la staji linabaki bila sahihi yake, na bila sahihi unarudia mwaka mzima, pamoja na wadogo zako, mkae benchi moja. Mimi hiyo sheria haikunitisha. Kwa nini? Kwa sababu kuita majina haikuwa kazi yangu. Kulikuwa na Yaya Solange (yaya kwetu ni dada mkubwa), laborantine, mpimaji wa labo, mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akiita jina moja kwenye ukumbi wanageuka mpaka wale wanaongoja daktari wa meno. Yeye aliita, aliuliza, aliandika jina kwenye chupa, mimi nikachoma. Tulikuwa mdomo na mkono. Mkono ulijiona umekamilika.

Sasa ile Alhamisi. Saa mbili na nusu hivi, infirmière, mwuguzi, akashuka mbio kumwita Yaya Solange kwenye wodi ya watoto, kuna mtoto mchanga ambaye hakuna aliyempata mshipa. Yaya Solange akavua gants za mikononi, akavaa zingine, akaniangalia, akaenda. Papa Numbi alikuwa kwenye chumba cha ndani, nyuma ya dirisha dogo tunalopitishia chupa. Hakuinua hata kichwa.

« Kapinga, endelesha weye. »

Nikaenda mlangoni. Ukumbini mabenchi mawili yamejaa, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa na vikapu vya chakula. Nikafungua mlango, nikafungua na mdomo. Mlango ulitoa sauti kunizidi.

Niwaambie kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua, na mimi nilikijua tangu nikiwa mdogo, na asubuhi ile kikanitoka kichwani kama maji. Kwetu mstari wa labo haukaliwi na mgonjwa, unakaliwa na ukoo. Mgonjwa anaota jua nje, au amelala kitandani juu, au amekwenda choo, na ndugu yake anamkalia nafasi kwenye benchi, karatasi ya vipimo (sisi tunaiita boni) ameishika mkononi ili asipokonywe zamu. Mimi mwenyewe nimewahi kumkalia nkambo, bibi yangu, nafasi tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne, nikiwa na miaka minane, mzima kama samaki.

Ningeita jina, yote haya nisingekuwa nayaandika. Lakini kuita jina maana yake macho arobaini yanageuka kwako, na wa mwisho kabisa anasema « hatusikie! », na unarudia, na sauti inakatika katikati kama kamba mbovu. Nikaamua jambo dogo, dogo kabisa: nikamkunjia kidole aliyekaa mwanzo wa benchi na boni mkononi. Weye, kuya. Akainuka, akaingia. Nikajisemea, kumbe ni rahisi hivi!

Alikaa. Nikapokea boni bila kumtazama usoni (mimi usoni huwa sifiki, naishia kwenye kiwiko). Juu iliandikwa Masika, na alama nyekundu ya haraka. Nikaandika Masika kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, kwa mwandiko wangu mzuri. Sisi asili yetu ni Kasai, sikujua kwamba kwa watu wa Butembo Masika ni jina la mtoto wa kike. Chini ya jina daktari alikuwa ameandika mistari mingine, kama kuku amekanyaga wino akapita, nikasema hiyo nitaisoma wakati wa rejista.

Mkono ulitoka kwenye koti. Ndugu zangu, ule mshipa! Umelala pale wazi kama barabara ya kwenda Kipushi. Nikafunga mpira juu ya kiwiko, nikaugusa, ukanijibu. Nikasafisha kwa alkoli kutoka katikati kwenda nje. Yeye alikuwa ameinama, macho amefumba, anaomba kwa kinywa cha ndani kwa lugha ya kwao, na jasho linamtoka. Ncha ya ndevu zake ikaangukia palepale nilipokwisha kusafisha. Nikaisogeza kando kwa pamba, kwa heshima, nikasafisha tena.

Mnasikia? Nilizisogeza ndevu. Kwa mkono wangu. Na kichwani hapakupita kitu.

« Mutoto, itauma? »

« Kidogo, Papa », nikanong'ona. (Nilimwita Papa, na Papa! Nilijua ni Papa!)

« Kamata tu. Hata ndoo muzima, kamata. »

Nikadhani ni utani wa woga, wagonjwa wanapoogopa huwa wanachekesha. Nikachoma mara moja, damu ikaja nzuri, nikalegeza mpira, nikatoa sindano, nikaweka pamba, nikamwonyesha abonyeze. Akafumbua jicho moja, akaiangalia ile chupa.

« Njo hii tu? Kwa kintu kubwa vile, munakamata kijiko moja? »

Nikaitika kwa kichwa. Akainuka kama mtu aliyetukanwa kidogo, kisha akajipanga, akatoka kifua mbele, na nikamsikia huko nje akiwapigia kelele waliokaa, « Batu banaogopaka bure! Hata sikusema ai! » Nikafurahi. Nilijiona laborantine mkubwa. Chupa na boni nikapitisha dirishani kwa Papa Numbi, juu ya alama nyekundu, nikakunja kidole kwa mwingine, bibi mmoja wa sukari, halafu kwa kijana aliyekuja kupimwa kabla ya kuanza kazi mgodini Kinsevere. Kidole changu kilikuwa kimepata utamu wa uongozi.

Papa Numbi alipokwisha kuweka ile damu kwenye kibao cha kupimia group, yaani kundi la damu, akanirudishia boni niijaze kwenye rejista. Nikakaa, nikachukua bic. Jina: Masika. Umri: thelathini na moja. Jinsia: F. Niliiandika ile F kwa utulivu, nikaikunja na kamkia kazuri. Anatoka: maternité, wodi ya wazazi. Kipimo: group ya damu. Sababu: kondo la nyuma limekaa chini, césarienne (kupasuliwa) saa nne, damu iwe tayari.

Bic ikasimama kwenye césarienne. Na ndipo nilipoziona zile ndevu.

Sijui kama mmewahi kusikia masikio yenu yakifungwa na kufunguka. Yalipofunguka nikasikia sauti ya mwanamke ukumbini, amechoka, anahema.

« Papa Kambale, zamu yetu imefika? »

« Banamaliza, mama. Banakamata. »

« Banakamata nini? Mi nilikuwa ku choo! »

« Damu. »

« Damu ya nani? »

« Yangu! »

Nami nikaelewa yote kwa mara moja, kama taa iliyorudishiwa umeme. Papa Kambale alikuwa mume. Alimkalia mke wake nafasi. Na juu maternité walikuwa wamemwambia, kama wanavyoambia waume wote wa huku, kwamba mama akipasuliwa ndugu watoe damu ya kusaidia. Kwa hiyo mtoto wa bluzi nyeupe alipomkunjia kidole, alijua saa yake imefika, akaja kumtolea mke wake damu, macho amefumba, anaomba. Na mimi ile damu yake nimeiandika jina la mke wake, kana kwamba ndiyo inayotembea ndani ya mke wake.

Wakati huohuo, upande wa pili, mwuguzi wa maternité alikuwa amekwisha kufika kwenye dirisha la majibu.

« Papa Numbi, group ya Mama Masika? Docteur anaulizia, tuombe damu. »

« B positif », akasema Papa Numbi, na nikasikia muhuri ukigonga.

Hapa nawaambia ukweli, kwa sababu kaye hii sijawahi kuidanganya. Nilifikiria kunyamaza. Si kunyamaza kabisa, hapana, nilifikiria kunyamaza kwa ujanja: nimfuate yule mwuguzi koridoni polepole, nimwambie karatasi ina kosa kidogo la mwandiko, nimwite yule mama kando, nimtoe damu nyingine, niibadilishe chupa, na hakuna atakayejua, wala sheria ya jina haitanigusa. Nilikuwa na nafasi hiyo, labda dakika mbili. Lakini kumfikia kwa mlango ilibidi kuzunguka ukumbi wote, na karatasi ilikuwa imeshatoka mkononi mwa Papa Numbi, iko hewani, vidole vya mwuguzi vinaifuata. Na darasani tulishafundishwa damu ngeni inafanya nini inapoingia kwa mtu. Nikaona ile karatasi inapanda ngazi.

Ndipo sauti ikatoka. Sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo.

« PAPA NUMBI! USITOSHE ILE KARATASI! DAMU ILE HAIKO YA MAMA! NI MI NILIKOSEA! »

Yaya Solange aliniambia baadaye kwamba aliisikia ghorofa ya juu, kwa watoto, akauliza nani huyo amekuja na wazimu.

Papa Numbi aliichukua karatasi kutoka kwa mwuguzi, akaipasua vipande vinne. Akaja upande wangu, akanisikiliza yote (nilimweleza kwa sauti ya kawaida yangu, ilimbidi kuinamisha sikio). Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliuliza tu:

« Na bale babili ba nyuma? Uliuliza majina? »

« Apana. »

Akafungua mlango wa ukumbi, wazi kabisa, akasimama kando.

« Basi ambia batu. »

Nikasimama pale. Macho arobaini, yaleyale niliyoyakimbia asubuhi, na mengine yaliyotoka kwa meno kuja kuangalia. Nikasema sikuuliza majina, nikasema niliyemtoa damu kwa boni ya Mama Masika ni baba, nikaomba bibi wa sukari na kijana wa mgodi waje tena niwaulize.

« Hatusikie! » akasema mmoja wa nyuma. (Si nilijua?)

Nikarudia kwa nguvu zaidi. Sasa walisikia.

Bibi wa sukari akashika kiuno: « Kwa hiyo sukari yangu mulimupatia nani? » Kijana wa mgodi akajishika tumbo, akasema, « Mbona mi najiskia mimba? » na hapo benchi zima likapasuka, watu wakapigana mabega, mmoja akauliza ndevu zile zitanyolewa kabla ya kupasua ama baada. Papa Kambale peke yake hakucheka. Alisimama katikati, pamba yake bado ameibonyeza kama nilivyomwonyesha, akaniuliza polepole, na swali lake lilinichoma kuliko vicheko vyote:

« Kwa hiyo damu yangu haikusaidia kintu? »

Mke wake ndiye aliyeniokoa. Mama Masika alikuwa mwanamke mnene wa sura ya kulala, miguu imevimba, mikono miwili chini ya tumbo, na kicheko kilimwanzia chini kabisa kikapanda.

« Papa Kambale, ingia weye! Mi nilizaa ba mbili, huyu wa tatu njo zamu yako! »

« Mama, usicheke vile », akasema mwuguzi, « utatuzalia hapa! »

Papa Numbi akasema yeye mwenyewe atamtoa mama damu. Akaanza hata kuvaa gants. Mama Masika akakataa.

« Apana. Nataka ule mutoto. »

« Mama, njo huyu mwenye alikosea. »

« Nimesikia. Hospitali yote imesikia. Mi naogopaka mwenye kukosea na ananyamaza. Huyu anapiga kelele, sasa nimwogopee nini? »

Nikaingia naye. Safari hii nilimtazama usoni, mara ya kwanza nilipomtazama mgonjwa usoni: alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi, na macho yake chini ya kile kicheko yalikuwa yanaogopa. Alikuwa anajua kwa nini daktari anataka damu tayari. Nikamuuliza, na Papa Numbi amesimama nyuma yangu:

« Mama, jina yako njo nani? »

Akalitaja lote, la baba, la mume, akataja na mwaka aliozaliwa. Nikaandika kwenye chupa mbele yake, nikampa asome. Akasoma kwa sauti, akasema, « Njo mi. »

Halafu mkono. Mungu alikuwa ameniwekea mtihani hapo. Mkono umevimba, laini, hakuna mstari hata mmoja wa buluu, yaani ukiangalia kwa macho unaona unga. Nikasikia Papa Numbi akivuta pumzi. Nikafunga mpira, nikafumba macho (ndiyo, nilifumba), nikaacha kidole kitembee. Hakuna. Hakuna. Nikashuka kidogo upande wa nje, nikabonyeza zaidi, na chini kabisa, kwa mbali, godoro dogo likarudi. Nikafumbua macho, nikachoma pale ambapo mtu yeyote angesema hapana kitu.

Damu ikaja.

« Tayari? » akauliza Mama Masika. « Hata sijafunga meno! »

Papa Numbi alipima mwenyewe, mimi pembeni. Kisha akaweka vibao viwili mbele yangu, cha mume na cha mke, bila kusema neno. Cha mume: B. Cha mke: O. Damu ya B ndani ya mtu wa O inapigwa vita na mwili wake mwenyewe, inavunjika, figo zinakufa, mtu anaweza kufa mezani huku wanadhani wanamsaidia. Kuna kipimo kingine cha mwisho cha kulinganisha damu kabla ya kuitia, labda kingelikamata kosa langu huko mbele. Labda. Nilikiangalia kile kibao mpaka kikawa na ukungu, kisha nikajua ni macho yangu.

« Leta daftari ya staji », akasema.

Nikampa. Akaandika mistari, akagonga muhuri, akafunga.

« Enda nyumbani. Leo yako imeisha. »

Nilikunja bluzi yangu nyeupe kama watu wanavyokunja nguo za marehemu. Nilitembea kwa miguu mpaka Bel-Air, daftari nimelifungia kwenye begi, na sikulifungua, kwa sababu mradi sijalifungua bado nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tano. Mama alinikuta nyuma ya jiko, nimekaa juu ya ndoo. Nikamweleza yote. Mama yangu hajui kunyamaza hata kidogo (sijui mimi nimetoka wapi), lakini siku ile alinyamaza, akalichukua daftari, akalifungua yeye, akalisoma kwanza kimya, kisha akanisomea. Papa Numbi alikuwa ameandika kwa Kifaransa, mwandiko mdogo wa kubana. Kwa Kiswahili ni hivi:

« Amekosea kumtambua mgonjwa. Amejisema mwenyewe, kwa sauti kubwa, kabla karatasi haijatoka. Arudi Jumatatu saa moja. »

« Usome tena pale katikati », nikasema.

Mama akasoma tena. Kwa sauti kubwa. Tangu primeri, buletini zote zile, na mtu wa kwanza kuniandikia maneno hayo aliniandikia siku ya aibu yangu.

Jumatatu nilirudi. Mama Masika alikuwa amepasuliwa salama ile Alhamisi, walimwongezea damu chupa mbili, za O, na mtoto ni wa kike. Papa Kambale alinipita kwenye ngazi, mkono wa shati umekunjwa, anaenda chumba cha kutolea damu, safari hii kweli. Alipoona mfuko wanaojaza huko ulivyo mkubwa, aliogopa, na wahudumu wakaniita nije nimtulize, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kiti.

« Mutoto, ile kijiko ya Alhamisi haiwezi kutosha? »

« Haiwezi, Papa. »

Akanyoosha mkono, akafumba macho. Alitoa mfuko mzima. Mke wake alishapona hatari, damu hiyo ingeenda kwa mama wa mtu mwingine, naye alijua, akatoa.

Nami nilipoingia labo Yaya Solange alinipa rundo la maboni, akajifanya anatafuta gants zake. Papa Numbi, bila kuinua kichwa, akasema neno moja: « Ita. » Nikaita. Walisema hatusikie. Nikaita tena.

Tangu siku ile nimejiapia: mkono bila uso siugusi, na uso bila jina siuamini, hata awe nani. Na msidhani ni maneno ya kwenye kaye tu. Mwezi jana mama yangu mwenyewe alikuja na homa, malaria bila shaka, akakaa benchini amejifunika kitenge, ukumbi umejaa. Ilipofika zamu nikasimama mlangoni, nikaita jina lake. Akainuka anatabasamu, akitaka kupita moja kwa moja. Nikamzuia.

« Mama, jina yako njo nani? »

« Kapinga! Uko na akili muzima? »

« Najua. Lakini useme weye mwenyewe. »

Watu wakaanza kucheka. Mama akaniangalia, kisha akawaangalia wao. Akakifunga kitenge chake vizuri, akasimama wima na homa yake, akataja jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa meno. Na alipomaliza akaongeza, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza:

« Na mi njo mama ya huyu mwenye iko anauliza. »